Mheshimiwa Aliyezikwa Kabla Hajafika

Kitendawili! Amekaa na hayupo, amesema ndiyo na hakufungua mdomo.

Hamkijui? Haya, nipeni mji. Nimeupokea, nimekwenda, nimekula nikashiba, nimerudi. Jibu lake ni mbunge wetu, mwaka ule alipofariki.

Nchi yenyewe inaitwa Bashasha. Msiitafute kwenye ramani, maana waliochora ramani walifika kwetu siku ya sikukuu wakakuta ofisi zimefungwa. Ni nchi nzuri sana. Tuna sheria ya kutabasamu mbele ya kiongozi, na anayeumwa jino hupewa kibali cha kununa cha siku tatu, kina muhuri, unakionyesha unapita. Vyama vipo viwili, ili mtu yeyote asiseme hatuna uhuru wa kuchagua: Chama cha Furaha ya Wote, ambacho kinatawala, na Chama cha Furaha Kiasi, ambacho kinapinga.

Mbunge wetu wa jimbo la Makorongoni aliitwa Anzelimi Mkongwa. Alikuwa fundi baiskeli kabla hajawa mheshimiwa, na fundi hodari, mwenye kuinyoosha rimu iliyopinda kama mkia wa nguruwe ikarudi duara. Sijui nani alimwona anafaa kwenda bungeni. Walimwambia kazi ya huko ni kukaa na kukubali, naye alikuwa mtu wa kufuata maagizo. Akakaa miaka kumi na tano.

Alifia kitini. Ilikuwa Jumanne asubuhi, mara baada ya dua ya kufungua kikao. Sasa katika bunge la Bashasha kura huhesabiwa hivi: anayekataa asimame, anayekubali akae. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kusimama, magoti ya waheshimiwa wengi yamesahau kazi hiyo. Basi marehemu, akiwa marehemu, alipitisha sheria tatu: ya kodi ya chumvi, ya kubadilisha jina la uwanja wa ndege, na ya kuwaongezea waheshimiwa mito ya kuegemea. Alhamisi Spika akamsifu mbele ya wote kwa utulivu wake, akaagiza apigiwe makofi, akamwomba ainuke awapungie mkono wenzake.

Hapo ndipo ilipojulikana.

* * *

Mkewe ni Sikudhani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alipoletewa habari hakupiga kelele. Alikuwa anachambua mchele, aliuweka ungo chini polepole, akasema, "Basi wamlete. Nimewaazima mume miaka kumi na tano, sasa inatosha."

Halafu akanishika mkono tukaenda nyuma ya nyumba, ukingoni mwa shamba la migomba. Hapo amelala mtoto wao wa kwanza, Felista, aliyewatoka akiwa na miaka minne. Anzelimi na mkewe walikuwa wameahidiana tangu siku ile ya kumzika: atakayetangulia atalala ubavuni pa mtoto, asiwe peke yake. Sikudhani alinionyesha kwa kidole. "Hapa, Bibi. Mwambie Mzee Tondo achimbe hapa."

Hilo tu ndilo alilolitaka. Hakutaka bendera, hakutaka mizinga, hakutaka barabara ipewe jina. Alitaka mumewe alale pale alipoahidi.

Mzee Tondo na vijana wake wakachimba. Sisi wanawake tukapanga mafiga, tukabandika masufuria, na mwiko mkubwa nikakabidhiwa mimi kwa sababu ya uzee. Watu walifika kutoka vijiji saba. Kila kitu kilifika ila maiti.

Huko mji mkuu mambo yalikuwa yamekwama. Sheria ya Bashasha inasema kiti cha mbunge hakihesabiwi kuwa wazi mpaka mwenyewe awe amezikwa, na akishazikwa tu, uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku thelathini. Nacho Chama cha Furaha ya Wote kilikuwa na watu kumi na mmoja wanaokitaka kiti kile, na kila mmoja ana mjomba wizarani. Wakubwa wakaona njia ya busara ni marehemu asubiri kidogo kwenye baridi mpaka wajomba waelewane. Wakaandika barua ya kuahirisha mazishi, wakampa Bwana Yeremia Nyangusi ailete.

Bwana Nyangusi alikuwa Msimamizi Mkuu wa Mambo Yote wilayani kwetu. Aliondoka na barua asubuhi mapema. Lakini njiani kuna shule iliyokuwa imejenga choo, na choo hakiwezi kutumika Bashasha bila kufunguliwa na mkubwa. Akafungua. Alihutubia saa tatu juu ya historia ya choo tangu uhuru, kisha akaletewa mbuzi wa kuchoma, na mbuzi akamlaza palepale.

Sisi hatukujua habari za barua. Tulijua tu kuwa jua linazama, kaburi liko wazi, na mwenyewe hajafika.

Kwetu Makorongoni kaburi likishachimbwa halilali tupu. Likilala tupu litaita mtu mwingine wa nyumba ileile, na Sikudhani bado ana watoto wawili. Kwa hiyo mwenyewe akichelewa, hukatwa mgomba wa kimo chake, ukaviringishwa mkeka, ukalazwa mle ndani na kufukiwa. Mwenyewe akifika, mgomba hutolewa, naye hupewa nafasi yake. Hatucheki tunapofanya hivyo. Mzee Tondo aliukata mgomba kwa panga moja, Sikudhani akaleta mkeka wake mwenyewe, tukaulaza, tukaufukia. Bi. Makrina, mpishi mwenzangu, akaweka maua ya boga juu, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa karibu.

Nami nikajisemea moyoni: mti umelala kitandani, mwenye kitanda yuko barafuni. Tegueni hicho.

* * *

Asubuhi Bwana Nyangusi akafika. Hakushuka kwenye gari, maana umande ulikuwa mwingi na viatu vilikuwa vipya. Alishusha kioo, akaona tuta la udongo, akaona maua, akaona watu wameketi kwa huzuni. Rangi ikamtoka. Barua ya kuzuia mazishi ilikuwa bado mfukoni mwake, inanukia mbuzi.

Sasa jiwekeni mahali pake. Akisema wamezika bila yeye, ataulizwa alikuwa wapi. Akaona afadhali aseme walizika yeye akiwepo. Akapiga simu mji mkuu palepale garini, tunamsikia: "Ndiyo, mheshimiwa... Wananchi walizidiwa na mapenzi, hawakuzuilika... Ndiyo, nilisoma salamu za Rais... Ndiyo, walilia sana. Hasa kwenye ukurasa wa pili."

Saa sita mchana tulikuwa tunapakua ugali, redio ya taifa ikasema: "Marehemu Mheshimiwa Anzelimi Mkongwa amezikwa jana kijijini kwake kwa heshima zote. Maelfu walihudhuria. Mjane alimshukuru Rais kwa machozi."

Sikudhani aliiangalia redio kama mtu aliyemwagiwa maji. "Kumbe nilikuwepo?" akauliza.

Akamwendea Bwana Nyangusi, ambaye sasa alikuwa ameshuka garini na kukaa kiti cha mbele anakula nyama yetu, na Mzee Tondo akamfuata na jembe begani.

"Bwana mkubwa," akasema Mzee Tondo, "pale tumefukia mgomba."

Nyama ikasimama nusu ya safari. "Mgomba gani?"

"Wa mzuzu. Ule wa kukaanga. Mwenyewe bado yuko kwenu huko mjini. Tunamsubiri."

Bwana Nyangusi alitafuna kwa muda mrefu kipande ambacho hakikuwa kigumu. "Redio imeshasema," akasema mwisho.

"Basi iseme tena, baba," Sikudhani akamwambia. "Iseme ilikosea."

"Mama, redio ya taifa haisemi jambo mara mbili. Mara ya kwanza ni habari. Mara ya pili ni uchochezi."

"Na mume wangu?"

"Mumeo amezikwa, mama. Amezikwa vizuri sana. Mimi nilikuwepo." Akanawa mikono, akaondoka, na jioni ile Spika akatangaza kiti kiko wazi.

* * *

Sikudhani akaniambia, "Bibi, nisindikize." Tukapanda lori la viazi mpaka mji mkuu, tukafika hospitali ya taifa tumejaa vumbi mpaka kope.

Mhudumu wa mochwari alikuwa baba mmoja wa makamo, mpole, amevaa sweta mbili. Alituandalia benchi, akatusikiliza, akaenda, akavuta droo. Anzelimi alikuwa mle, na kikaratasi chenye jina lake kimefungwa kidoleni mguuni.

"Ni yeye," akasema Sikudhani.

"Naona ni yeye, mama. Hata mimi nimeshamzoea."

"Basi nipe nimpeleke."

Yule baba akatoa fomu, akaielekeza kwenye mwanga ili tuone vizuri. "Hapa, mama, panajazwa tarehe ya mazishi. Lazima iwe ya mbele. Yake iko nyuma. Mimi nitamruhusuje mtu atoke leo kwenda kuzikwa juzi?"

"Lakini si unamwona hapa?"

"Namwona. Macho yangu yanamwona. Fomu haimwoni." Akashusha sauti. "Nimewauliza wakubwa. Wameniambia aliyezikwa hawezi kuwa hapa, kwa hiyo nisimhesabu. Kila asubuhi namruka."

Sikudhani hakubishana. Akaomba dakika chache. Akaweka sawa kola ya shati la mumewe, ile ya kulia ambayo siku zote ilikuwa inapinda, akampapasa vidole kimoja kimoja. Alikuwa anatafuta zile sugu za ufundi baiskeli. Zilikuwa zimekwisha zote. Kiti cha bunge kilikuwa kimezilainisha.

Tulipokuwa tunatoka, mhudumu alitukimbilia mlangoni. "Mama, ngoja. Kwa mazishi siwezi kumtoa. Lakini ukinipa karatasi ya serikali, yoyote, inayosema mtu huyu anatakiwa mahali fulani, nitamtoa. Hata ya kesi. Hata ya kwenda kufagia uwanja. Iwe na muhuri tu."

Njia nzima ya kurudi, juu ya magunia matupu ya viazi, Sikudhani alikuwa anasokota pindo la kanga. Nilijua anafikiri.

* * *

Wajomba wakaelewana. Furaha ya Wote ikamtoa Daktari Kandidus Mbwilo kuwa mgombea. Udaktari wake alipewa zawadi na kiwanda cha godoro. Wa Furaha Kiasi aliondolewa siku ya kwanza, kwa sababu alirudisha fomu imekunjwa mara tatu na kanuni inataka mara mbili. Kwa hiyo akabaki mmoja.

Katika nchi nyingine wangesema amepita, twendeni nyumbani. Bashasha hawafanyi hivyo. Rais wetu hupenda kupima furaha, na kipimo chake ni idadi ya waliojitokeza. Kila jina lililoandikwa kwenye daftari la wapiga kura lazima lionekane limepiga. Katika uchaguzi mdogo uliotangulia walijitokeza tisini na tisa kwa kila mia, na msimamizi wake alihamishiwa kisiwani kuhesabu korongo, wale ndege wa miguu mirefu. Bwana Nyangusi aliogopa ndege tangu utoto. Akaapa Makorongoni itatimiza mia.

Kampeni ikafunguliwa juu ya kaburi. Daktari Kandidus alikuja na magari kumi na manne, vipaza sauti, na kikundi cha kulia kilichokodiwa wilayani. Sikudhani aliketishwa mbele na kuelekezwa wapi pa kutazama. Mgombea akaenda mpaka kwenye tuta, akapiga magoti juu ya leso iliyotandikwa, akalia kwa sauti ya kupitia kipaza sauti.

"Wananchi! Hapa amelala simba!"

"Simba wapi, mzuzu huo," akanong'ona Bi. Makrina, na benchi letu zima la wapishi likainamia masufuria.

"Simba ambaye hakuwahi kurudi nyuma! Simba ambaye alikufa wima, akitetea chumvi yenu!"

"Kaitia kodi," akasema Mzee Tondo.

"Nyamaza wewe, utatukosesha fulana," mkewe akamfinya.

Daktari akalaza sikio kwenye udongo. "Namsikia!" akasema. "Namsikia ananiambia, Kandidus, endelea pale nilipoishia!"

Bi. Makrina akaninong'oneza, "Bibi, mgomba ukisema na mtu, ni dalili ya nini?" Nikamwambia ni dalili ya kuchaguliwa.

Kisha mgombea akatangaza zawadi: kaburi litasakafiwa kwa zege na kuwekwa vigae. Hapo Sikudhani akainuka bila kuelekezwa. "Mheshimiwa, nakuomba, usipasakafie. Mahali hapa pana mtu wake, hajafika."

Umati ukapiga makofi sana. Waliona ni maneno ya mashairi. Daktari akafuta jicho, akasema, "Mama amesema kwa hekima, sote tutafika hapo," na mafundi wakaanza kukoroga saruji. Wakaweka vigae vya kijani na vyeupe, vya bafuni, vilivyobaki nyumbani kwake. Mgomba ukapata nyumba nzuri kuliko zetu sote.

Usiku huo Sikudhani alikuja kwangu kuomba moto. "Wamefunga mlango, Bibi," akasema. Nilimpa kijinga cha moto tu.

* * *

Wiki moja kabla ya kura akaja karani wa daftari. Alikuwa binti wa miwani, anaitwa Prisila, amebeba daftari zito kama mtoto wa miaka miwili. Tukakusanyika mbele ya mashine ya kusaga. Akatusomea waraka: kila jina lihakikiwe, aliye kijijini apigie kura kijijini, aliye mbali achukuliwe kwa gari la serikali popote alipo, na asiyejiweza aletwe amelala, jamaa yake ampigie kura, pasiachwe mtu. Majina yalikuwa mia nane na kumi na mawili.

Akaanza kuita.

"Balthazari Nkwera?"

"Alikufa, binti yangu," akasema mtu. "Mwaka wa mafuriko."

"Mimi ni wa daftari. Vifo ni idara nyingine. Yuko wapi?"

Tukatazamana. "Yuko makaburini."

"Makaburi ya kijiji hiki hiki?"

"Hiki hiki."

"Yupo," akaandika. "Atasaidiwa. Kolumba Nkwera?"

"Yuko na mumewe."

"Yupo."

Tuliendelea hivyo mpaka jua likatupiga utosini. Mzee Tondo, aliyewazika wengi wao kwa mikono yake, alifurahi kama aliyekutana na rafiki zake. Kila likitajwa jina anajibu yeye: "Yupo! Huyo yuko chini ya mwembe-dodo! Yupo!"

"Anzelimi Mkongwa?"

Mzee Tondo alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza siku ile akakosa mahali pa kumweka mtu.

Sikudhani akainuka nyuma kabisa. "Hayupo kijijini," akasema.

Karani akainua kichwa. "Yuko wapi?"

"Mji mkuu. Hospitali ya taifa."

"Ana hali gani?"

"Amelala."

"Anaweza kusimama akafika kituoni mwenyewe?"

"Hawezi, binti yangu. Nimetoka kumwona. Hawezi kabisa."

Niwaambieni kweli, wajukuu, katika mkutano ule wa serikali, ambao ulianza saa mbili ukaisha saa nane, hayo ndiyo maneno pekee ambayo hayakuwa na uongo ndani yake.

Yule binti alivua miwani. Aliutazama mtandio mweusi wa Sikudhani, akamtazama usoni, akalitazama tena jina. Sijui alijua nini. Redio huko mjini wanazo. Akavaa miwani yake, akaandika polepole, akisoma kwa sauti: "Mpiga kura asiyejiweza. Achukuliwe hospitali ya taifa, aletwe kituo cha Makorongoni akiwa amelala." Akagonga muhuri.

"Naomba nakala, mwanangu," akasema Sikudhani.

"Utapata, mama. Na nyingine nitaituma mimi mwenyewe hospitali." Akagonga muhuri wa pili, kwa nguvu zaidi ya ule wa kwanza.

* * *

Siku ya kura ilikuwa shamrashamra. Kituo kilikuwa shule ya msingi, na Bwana Nyangusi alikuwa amekaa chini ya turubai na Daktari Kandidus, mezani soda. Walio hai tulipiga kura asubuhi. Walio makaburini walisaidiwa kati ya saa nne na saa tano, na walipanga foleni vizuri kuliko sisi. Saa sita kasoro makarani wakahesabu: mia nane na kumi na moja. Amebaki mmoja.

"Nani huyo anatuchelewesha?" Bwana Nyangusi akafoka.

"Mgonjwa, bwana mkubwa," akasema Prisila. "Yuko njiani."

"Mgonjwa! Huyo ndiye mzalendo. Akifika nitamchovya wino mimi mwenyewe."

Tukasikia king'ora. Gari jeupe la serikali likaingia uwanjani, taa zinazunguka, na mbele, kando ya dereva, ameketi yule baba wa mochwari mwenye sweta mbili, akikumbatia karatasi. Wakashusha machela, imefunikwa shuka. Watu wote walio uwanjani wakasimama. Hakuna aliyewaambia wasimame. Wanaume wakavua kofia.

Bwana Nyangusi akakimbia na kichupa cha wino, akitabasamu kwa mujibu wa sheria. "Karibu, karibu mzee wetu, pole na safari." Akainua shuka.

Akaishusha, akaiinua tena.

"Huyu..." akasema. "Huyu nilimzika."

"Ndiyo, baba," akasema Sikudhani, ambaye alikuwa amesogea upande wa pili wa machela. "Na salamu ukasoma. Kurasa mbili."

"Mama, umenifanyia nini?"

"Sijakufanyia kitu. Serikali imeniletea mume wangu kwa gari lake na karatasi yake. Sasa sema wewe, mbele ya hawa wote. Ukisema amekufa, kura zako hazitimii mia, na utaeleza pale kwenye vigae umemzika nani. Ukisema yu hai, basi ni mgonjwa wangu. Akishapiga kura nampeleka nyumbani."

Daktari Kandidus alikuwa ameinuka na soda yake. "Kuna nini huko, Nyangusi? Mia imetimia?"

Bwana Nyangusi alimtazama mgombea. Akamtazama marehemu. Juu, kwa bahati mbaya yake, walikuwa wanapita korongo wawili, miguu imenyooka nyuma. Akawafuata kwa macho mpaka walipopotea.

"Imetimia, mheshimiwa," akasema kwa sauti iliyokauka. Akaushika mkono wa Anzelimi, akachovya kidole.

Karatasi ya kura aliichukua mkewe, kwa niaba ya asiyejiweza, kama waraka ulivyosema. Mimi nilikuwa nyuma yake nikaiona kabla hajaikunja. Ilikuwa nyeupe, haina alama hata moja. Miaka kumi na tano, na hiyo ndiyo mara ya kwanza Anzelimi hakusema ndiyo.

* * *

Hatukupoteza muda. Tulimchukua mabegani kutoka shuleni mpaka kwake, mchana kweupe, na mhudumu wa mochwari akashika upande mmoja. Tulipofika nyuma ya nyumba Mzee Tondo alisimama mbele ya vile vigae, akakuna kichwa. Kuvunja zege lile kungechukua siku mbili na kelele mpaka wilayani.

"Tutafanyaje, mama?"

Sikudhani alizunguka kaburi dogo la Felista, akasimama upande wa pili, penye majani ya viazi. "Mtoto ana ubavu mwingine," akasema. "Chimbeni hapa."

Wakachimba. Sisi tukamwosha ndani, tukamvika sanda. Kola haikuwa na kazi tena, lakini nilimwona mkewe akiitafuta kwa vidole.

Tulikuwa tunamteremsha, ndipo akina Nyangusi wakafika. Walikuwa sita, wa suti, wanahema. Nilidhani wamekuja kutuzuia. Kumbe sheria ya Bashasha inasema mtu hazikwi bila kuandikwa kwenye kitabu cha mazishi, na Bwana Nyangusi, baada ya siku kama ile, alikuwa anaogopa kukosea hata kidogo. Alishika kalamu, jasho linamtiririka mpaka kidevuni.

"Jina la marehemu," akasema, halafu akajishika. "Siwezi kuandika lile, mama. Lile limeshaandikwa. Ukurasa wa nyuma, tarehe za nyuma, muhuri umegongwa. Nitaandika nini? Mbunge hawezi kuwa, mbunge mpya ameshaapishwa kwenye simu. Mpiga kura hawezi kuwa, mpiga kura yuko hai. Tunamzika nani hapa?"

Sikudhani alikuwa amepiga magoti ukingoni, mkono mmoja bado umeshika kamba.

"Andika mume wa Sikudhani," akasema.

Bwana Nyangusi akafikiri. Alitafuta ndani ya kichwa chake kifungu kinachokataza, akakikosa. Akaandika: Mume wa Sikudhani. Akapuliza wino ukauke. Akataka kufungua mkoba, nadhani kulikuwa na hotuba ndani, lakini akatutazama, akaufunga.

Sikudhani akaachia kamba.

Kisha Mzee Tondo akawaomba wale wa suti warudi nyuma kidogo, maana walikuwa wamesimama juu ya udongo tuliouhitaji.